Jina la kati la binti: lichague kabla karani hajakuuliza

Saa moja asubuhi, wodi ya uzazi, Nakuru. Mtoto hajatimiza nusu siku duniani, mimi sijalala, na karani amesimama kando ya kitanda, kalamu mkononi. "Majina matatu ya mtoto, mama." La kwanza tulikuwa nalo tangu mimba ilipokuwa ya miezi mitano. La mwisho ni la baba yake. La kati nilijua ni la mama mkwe, maana huyu ni binti wa kwanza na mimi Mbukusu nimeolewa na Mkikuyu. Nikalitamka kama ninavyolisikia, naye karani akaliandika kama alivyolisikia kwangu: Wangechi. Wiki mbili baadaye mama mkwe alivaa miwani, akakisoma kile kikaratasi, akakirudisha mezani taratibu. "Huyu si mimi," akasema. Yeye ni Wangeci. Kitambulisho chake hakina h.

H hiyo moja ilinigharimu kiapo kwa wakili, nakala ya kitambulisho cha bibi na safari tatu za ofisini. Tangu hapo, rafiki yangu akishika mimba namwuliza kwanza kabisa: la kati ni lipi? Haya ndiyo ninayowaambia, kwa kuwa nimelea mabinti wawili na wa tatu yuko njiani.

Watu hulihangaikia jina la kwanza miezi tisa, la kati likaachwa kama kiporo. Kwa mtoto wa kike wa Kenya mimi naona ni kinyume. Jina la kwanza, ambalo mara nyingi ni la ubatizo, atalikata mwenyewe akifika shule ya upili: Elizabeth atakuwa Liz au Betty bila kukuomba ruhusa. La mwisho huenda akaliacha akiolewa. La kati ndilo litakalokaa. Mtazame Wangari Maathai. Shuleni kwa watawa aliitwa Mary Josephine. Aliporudi kutoka masomoni Marekani akarudia majina ya kwao, Wangari Muta, Muta likiwa la baba yake. Akaolewa, akachukua jina la mume. Ndoa ilipovunjika na mume akataka aliache jina lake, mama akaongeza a moja tu, Mathai likawa Maathai, na ndilo lililotangazwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Majina yote hayo yalikuja na kuondoka au kubadilika. Wangari halikuguswa.

Hatua ya 1: Jua kisanduku cha kati kina kazi gani huko mnakoishi

Usianze kukusanya majina kabla ya hili, kwa sababu si kila mahali una nafasi ya kuchagua.

Kenya bara, mtindo uliozoeleka ni jina la ubatizo, kisha jina la nyumbani, kisha la baba: Martha Wangari Karua, Faith Chepngetich Kipyegon. Katikati ndipo bibi, kabila, saa na majira vinapopata nafasi. Mwongozo huu unawafaa zaidi watu wa mtindo huo.

Tanzania, na kwa Waislamu wa pwani yote kuanzia Lamu hadi Unguja, katikati huwa ni kwa baba na mwishoni ni kwa babu au ukoo. Samia Suluhu Hassan ni Samia, binti wa Suluhu, mwana wa Hassan. Ukimwandika mtoto wa Dar es Salaam "Neema Kemilembe Rugaimukamu" ukidhani umemheshimu bibi wa Bukoba, mwalimu atakayefungua daftari la mahudhurio atadhani baba yake anaitwa Kemilembe, na fomu za miaka mingi ijayo zitamsumbua kwa swali hilohilo. Huko, jina la bibi liwekwe mbele. Ama liwe la kwanza lenyewe, Kemilembe, maana yake ni ya amani na linajitosheleza. Ama liunganishwe na la kwanza kwa kistari kama alivyo Asha-Rose Migiro. Kwa Waislamu uchaguzi wenyewe uko kwenye jina la kwanza, na siku ya saba, siku ya akika, ndiyo mwisho wa ubishi.

Na ndoa za mpakani, mume wa Arusha na mke wa Kajiado kwa mfano? Amueni mtoto atasomea wapi, mfuate mtindo wa huko. Kuchanganya mitindo miwili kwenye cheti kimoja ni kumtafutia mtoto viapo vya baadaye.

Hatua ya 2: Uliza kama jina lina mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi huumizana. Unaweza kulipenda Makena tangu ukiwa shule ya msingi, kumbe katika nyumba uliyoolewa nafasi ya jina imeshashikwa na mtu tangu siku ya harusi.

Kwa Wakikuyu mpangilio unajulikana, na hauhitaji mkutano. Binti wa kwanza ni mama yake baba. Wa pili ni mama yake mama. Wa tatu anarudi upande wa baba, kwa dada yake mkubwa; wa nne upande wa mama, kwa dada yake. Nimeandika "ni" makusudi. Hawasemi mtoto ameitwa kwa jina la bibi. Wanasema bibi amezaliwa. Ndiyo maana mama mkwe wangu hakusema jina limekosewa. Alisema huyu si yeye, na kwa mtazamo wake alikuwa na haki.

Utaratibu huo una uzuri ambao mtu wa nje hauoni haraka: unamlinda mke. Binti wangu wa pili ni Nasimiyu, jina la mama yangu, la Kibukusu kabisa, na hakuna shemeji aliyefungua kinywa. Zamu ilikuwa ya kwetu. Jamaa zangu wa Bungoma walishangaa kuliko hata Wakikuyu.

Kwingine mlango ni mpana zaidi. Wajaluo wengi huanza na saa ya kuzaliwa, halafu huongeza jina la mzee aliyefariki, hasa kama amemjia mtu ndotoni. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee walikuwa wakitaja majina ya waliotangulia mmoja mmoja mpaka anyamaze, na lile alilonyamazia ndilo lake. Wakalenjin nao waliwataja wahenga kwa zamu wakisubiri mtoto apige chafya. Hata kama kwenu mambo haya hayafanywi tena, usicheke mbele ya bibi. Mwache ataje majina yake. Utaondoka na orodha ambayo huipati popote pengine.

Mazungumzo haya yafanyike lini? Mwezi wa saba wa mimba, mume awe ndiye anayemwuliza mama yake, na wewe umwulize wako. Si ana kwa ana na wazee wa pande mbili kwenye meza moja. Nimeona chai ikipoa. Swali la kuuliza ni rahisi: "Mama, kama ni msichana, ni nani tunayemzaa?" Kisha nyamaza. Kama hakuna mwenye dai, atakuambia mchague wenyewe, na hapo mko huru kweli.

Kama unalea peke yako, fahamu kwamba watu wengi hufuata mpangilio wa upande wa mama: binti wa kwanza ni mama yako mwenyewe. Kuhusu jina la baba kwenye cheti, mahakama kuu ya Kenya iliamua mwaka 2016 kwamba kumzuia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asiandikiwe jina la baba yake ni kinyume cha katiba. Hilo halikulazimishi lolote kwenye jina la kati. Hilo ni lako.

Hatua ya 3: Kama halina mwenyewe, mpe alichokuja nacho

Hii ndiyo hatua ninayoipenda. Lugha zetu zimejaa majina yanayohifadhi saa na majira, na mengi ni matamu kuliko chochote utakachokopa.

Wajaluo wana saa nzima ya ukutani kwa mabinti. Amondi amekuja alfajiri. Akinyi, asubuhi. Anyango, jua likishapanda lakini halijafika utosini; likifika utosini ni Achieng'. Adhiambo ni wa jioni, Atieno wa usiku, Awuor wa usiku wa manane. Mvua ikinyesha, Akoth. Mapacha ni Apiyo aliyetangulia na Adongo aliyefuata, na atakayezaliwa baada yao ni Akello. Mimi huwatania marafiki zangu wa Kisumu kwamba daktari akipanga upasuaji saa nne asubuhi basi ameshamchagulia mtoto: ni Anyango, hata kabla ya kisu.

Wakalenjin hupima siku kwa ng'ombe. Chepngetich amezaliwa mifugo ikitoka kwenda malishoni, Cherotich ikirudi zizini. Chebet ni wa mchana, Chepkemoi wa usiku, Chepkoech wa mapambazuko, Cherop wa mvua.

Sisi Wabukusu tunafuata shamba. Naliaka ni wa wakati wa palizi, Nekesa wa mavuno, Nafula wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi. Nanjala ni wa njaa, na kuna wanaoliogopa. Nisikilize: akina Nanjala wengi wa leo hawakuzaliwa na njaa yoyote, walizaliwa na bibi aliyeitwa Nanjala, na bibi huyo aliivuka njaa hiyo akazaa watoto wanane. Sioni aibu iko wapi. Lakini kama hakuna bibi wala njaa, usilichukue kwa sababu tu linavuma vizuri. Mzee wa kwanza atakayelisikia atakuuliza njaa ipi.

Kama hutaki saa wala majira, yapo majina ya sifa: Makena wa furaha na Kendi apendwaye kwa Wameru, Mwende na Mutheu kwa Wakamba, mmoja mpendwa na mwingine safi, Kadzo mzuri kwa Wagiriama. Upande wa Mbeya, Wanyakyusa hufanya jina kuwa sentensi: Atupele, ametupa, Atuganile, ametupenda, Tusekile, tumefurahi. Huko nao hulitumia kama jina la kwanza, kwa sababu niliyoieleza juu.

Jambo moja la kuzingatia sana: thibitisha maana kwa mtu anayeota ndoto kwa lugha hiyo. Orodha za mtandaoni zinazosema "jina la Kiafrika" bila kutaja kabila zitakupa jina la mvulana kwa binti yako, au neno ambalo si jina kabisa. Kwa Kijaluo herufi ya kwanza pekee hubadili jinsia: Akinyi ni msichana, Okinyi ni mvulana. Kwa Kikalenjin Che- na Chep- ni za kike, Kip- ya kiume. Mpigie simu shangazi wa mtu.

Na Kanisa? Wapo wanaodhani padri atakataa jina la kati la nyumbani, au hata la kwanza. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Nekesa haimtishi mtu. Ukitaka majina yote matatu yawe ya nyumbani, ni ruhusa.

Hatua ya 4: Liite kwa sauti

Simama mlangoni, mwite mtoto kana kwamba yuko upande wa pili wa shamba. Halafu yasome majina yote matatu polepole, kama mtu anayeita wahitimu jukwaani. Masikio yatakuambia zaidi ya mchoro wowote.

Sikiliza irabu zinapogongana. Maria Akinyi, ukilisema haraka, linakuwa Mariakinyi. Ruth Akinyi linakaa vizuri. Jina fupi la kwanza hubeba refu la kati: Joy Nasimiyu, Faith Chepngetich. Refu hupenda fupi: Elizabeth Kadzo. Marefu mawili mfululizo, kama Jacqueline Chepkemoi, si kosa, ila mtoto wa darasa la kwanza atakuwa bado anaandika jina wenzake wakiwa wameshafika swali la tatu.

Herufi za mwanzo pia. Tabitha Bosibori ni jina zuri sana hadi mwalimu aandike T.B. ubaoni.

Hatua ya 5: Amua herufi, mara moja tu

Nimeshakusimulia h yangu. Majina yetu mengi huandikwa kwa namna mbili au tatu: Wangeci na Wangechi, Wacera na Wachera, Chepngetich na Chepng'etich. Hakuna iliyo kosa. Kosa ni kuwa na moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye kadi ya ubatizo, na ya tatu shuleni. Kama mtoto anachukua jina la mtu aliye hai, nakili kitambulisho cha mtu huyo herufi kwa herufi. Kama ni la marehemu, mwulize mtoto wake mkubwa lilivyoandikwa.

Kile kialama cha ng' ni mtihani. Achieng' huandikwa nacho, lakini mifumo mingi ya kompyuta hukimeza, na tiketi ya ndege ikatoka bila alama iliyo kwenye cheti. Ushauri wangu: amua mapema kama utakiandika, kisha uhakikishe kila karatasi inafanana na ya kwanza. Mimi ningekiandika. Bila hicho, mgeni husoma "Achien-g" na mtoto anazoea kujisahihisha maisha yake yote.

Walio ughaibuni, hatua hii ni yenu zaidi. Huko jina la kati mara nyingi hukatwa likawa herufi moja, na ndiyo maana jina refu la nyumbani huwa halimsumbui mtoto shuleni, lakini lipo akilihitaji. Lupita Amondi Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983. Wazazi wake wakampa la kwanza kutoka nchi ile na la kati kutoka kwao.

Hatua ya 6: Karatasi

Hii ni fupi, ila isome mara mbili.

Kenya, ukijifungulia hospitalini unapewa taarifa ya kuzaliwa. Ukijifungulia nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu. Uandikishe kizazi ndani ya miezi 6, ukichelewa unaingia kwenye utaratibu mrefu wa waliochelewa. Kabla karani hajaondoka kitandani, mwombe karatasi, usome jina la kati kwa kidole, herufi moja moja. Usione haya. Yeye ana vitanda ishirini, wewe una mtoto mmoja.

Mkibadilisha mawazo, sheria ya usajili wa vizazi na vifo, sura ya 149, inampa mzazi miaka 2 tangu usajili kuandikisha jina jipya kwa kulipa ada na kuonyesha ushahidi. Ikipita hiyo, mnaingia kwenye hati ya kubadili jina, wakili, na gharama. Tanzania, usajili unafanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na muda wa kawaida ni siku 90. Baba akiwa na majina mawili ya kienyeji, kubalianeni ni lipi linakaa katikati kabla hamjafika dirishani.

Majina manne? Inawezekana, na familia nyingi hufanya hivyo ili pande zote zitulie. Mimi sipendi. Fomu nyingi zina visanduku vitatu, na la nne ndilo huangushwa, kisha bibi mmoja anagundua ni lake.

Hatua ya 7: Liandike, uliweke mahali utakapolifikia

Kikaratasi kidogo, herufi kubwa, majina matatu kama yatakavyosomeka kwenye cheti. Kiingie ndani ya kitabu cha kliniki, kile kile utakachokwenda nacho hospitalini, kwa sababu siku yenyewe hutakumbuka hata namba yako ya simu. Mume awe na picha yake kwenye simu. Kama jina linategemea saa, andika mawili: moja la mchana, moja la usiku.

Changu cha mara hii kiko tayari. Tulipopigwa picha tuliambiwa ni msichana, na ni wa tatu, kwa hiyo unajua zamu ni ya nani. Wifi yangu mkubwa hajasema neno kuhusu jina. Ametuma tu mkungu wa ndizi wiki iliyopita, na juzi, kwa bahati mbaya kabisa, akanitumia kwenye simu picha ya kitambulisho chake, pande zote mbili.